Mtoto Akienda Chuo, Wazazi Waliobaki Nyumbani Waishi Vipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake.

Ndugu wasomaji, kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, stendi ya Kange hapa Tanga hujaa mabegi makubwa, magodoro yaliyokunjwa na ndoo mpya. Ni msimu wa vyuo. Mabasi ya alfajiri hupita Segera, Chalinze na Morogoro yakiwachukua vijana wetu kuelekea Dodoma, Iringa na Mbeya. Mengine huwapeleka Dar es Salaam. Kuhusu yule aliyeondoka na basi mengi yamekwisha kusemwa: ajihadhari na marafiki wabaya, ashike swala, asome kwa bidii. Kuhusu yule aliyerudi nyumbani na mikono mitupu, mzazi, husemwa machache sana. Katika makala hii tumekusudia kumzungumzia huyu wa pili.

Sisi tunaoandika haya watoto wetu bado wako madrasa na shule za msingi. Lakini shughuli za kamati ya msikiti hutuketisha na wazazi wa kila namna. Yupo anayekuja kuomba mtoto aombewe dua kabla ya mitihani, yupo anayekuja kukopa nauli katika mfuko wa msikiti, na yupo anayekuja kwa shauri la ndoa. Mazungumzo yakirefuka, wengi wao huishia kumtaja mtoto aliye mbali. Tuyasemayo hapa tumeyaokota kwao, na tunayarudisha kwao na kwa wengine ambao zamu yao inakuja.

Safari ya elimu si ngeni kwetu

Kabla ya yote, mzazi ajue kwamba hayuko peke yake katika historia. Imamu Bukhari aliondokewa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na mama. Alipofikia umri wa miaka 16 alisafiri na mama yake na kaka yake kwenda Makka kuhiji. Ibada ilipokwisha, mama na kaka walirudi Bukhara, naye akabaki kutafuta elimu ya hadithi. Umma wote unakijua kitabu kilichotokana na safari ile. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kulikuwa na mwanamke mjane aliyeikata njia ndefu ya kurudi nyumbani bila ya mwanawe.

Hata katika mji wetu jambo hili si geni. Madrasa za Tanga kwa miaka mingi zimepokea vijana kutoka mikoa ya mbali. Tulikuwa tukiwaona hapa, tukiwalisha futari na kuwaswalisha tarawehe, na hatukuwa tukiwafikiria mama zao walioachwa huko walikotoka. Leo zamu ni yetu. Wana wetu wanafuturu kwa watu, na sisi ndio tuliobaki kwetu.

Kilichobadilika ni wingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria, na mtaa uliotoa msomi mmoja ulijulikana kwa jina lake. Leo kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofungua milango mwaka 2005, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na vingine vingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo imewawezesha watoto wa mvuvi wa Tongoni na wa mkulima wa machungwa wa Muheza kukaa darasa moja na watoto wa wakubwa. Hii ni neema. Lakini neema hiyo imeingia katika nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kuagana na mtoto isipokuwa kwa ndoa au kwa mauti.

Nyumba inavyobadilika

Mama mmoja alitueleza kwamba kwa wiki tatu baada ya bintiye kuondoka aliendelea kupima mchele kwa kipimo kile kile, na kila usiku akabakiwa na sahani moja ya kiporo. Hakuwa amesahau. Anasema mkono ulikataa kupunguza, kwa sababu kupunguza kulikuwa kama kukubali.

Baba kwa kawaida hasemi. Huonekana kwa kuchelewa kurudi. Aliyekuwa akifika nyumbani mara baada ya Isha sasa hukaa barazani hadi usiku mkubwa, na akiulizwa husema kuna mazungumzo. Wadogo nao hubadilika: yule aliyekuwa wa pili amekuwa wa kwanza ghafla, anatumwa maji, dukani na shambani, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Kisha kuna hasara ya kazi, ambayo watu huona haya kuitaja. Kijana aliyekwenda chuo ndiye aliyekuwa akiandika daftari la madeni la duka, ndiye aliyekuwa akimsomea bibi ujumbe wa simu, ndiye aliyekuwa akimpeleka baba hospitali kupima sukari. Akiondoka, nyumba imepungukiwa na mtu na imepungukiwa na mkono. Mjane mwenye mtoto mmoja hupata zaidi ya hapo, kwani usiku hulala peke yake na komeo.

Wapo wanaodhani kuhuzunika kwa jambo la heri kama hili ni udhaifu wa imani. Sivyo. Katika Sura Yusuf, Qur'ani inatusimulia habari za Nabii Yaaqub (AS), mtume wa Allah, aliyemlilia mwanawe hata macho yake yakapoteza nuru. Hakulaumiwa kwa machozi. Na huyo huyo aliyelia ndiye aliyewaambia wanawe waliobaki watoke wakamtafute ndugu yao wala wasikate tamaa na rehema ya Mola. Machozi na matumaini vilikaa katika kifua kimoja. Mzazi wa leo, ambaye mwanawe yuko Dodoma na simu mkononi, ana ruhusa ya kulia kidogo. Asichoruhusiwa ni kuigeuza huzuni yake kuwa mzigo wa kumtwika mtoto.

Simu: kufuata kwa mbali

Baba mmoja katika mtaa wetu alikuwa akimpigia mwanawe asubuhi, adhuhuri na usiku. Simu isipopokelewa hupiga tena, kisha humpigia mwenzake wa chumbani. Baada ya mwezi kijana alianza kuzima simu. Baba akaja msikitini na shutuma kwamba mtoto ameharibika. Tulipozungumza na kijana tulikuta hajaharibika, alikuwa darasani. Alisema anaona haya wenzake wakimcheka kila simu inapoita.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi hatumdharau baba yule. Tulimkumbusha habari ya mama wa Nabii Musa (AS) katika Sura Al-Qasas. Moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumwachia mwanawe mto, na karibu aitoe siri. Alichokifanya ni kumtuma dada yake Musa amfuate. Dada akamtazama kwa mbali, wala wale watu hawakutambua. Hakukimbia ukingoni akipiga kelele. Kufuata kulikuwapo, na umbali ulikuwapo.

Katika zama zetu kufuata kwa mbali kuna sura zake. Vyuo vyetu vingi vina jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, zenye viongozi, darsa na mara nyingine msikiti wa karibu. Mzazi ajue jina la jumuiya hiyo, na amtake mtoto mwenyewe ajitambulishe huko wiki ya kwanza. Hili ni tofauti na kumwekea mtoto wapelelezi. Kupelelezana kumekatazwa katika Sura Al-Hujurat, na katazo hilo halikumtoa mzazi. Mwekeni mtoto karibu na watu wema, kisha muwaache watu wema wafanye kazi yao.

Familia nyingine zimepanga saa ya simu: Ijumaa baada ya Isha, nyumba nzima, simu katikati ya mkeka, kila mtu hata mdogo wa miaka 4 ana zamu yake. Siku nyingine ujumbe mfupi unatosha. Waliojaribu wanasema mtoto amekuwa akipiga mwenyewe katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwa akilifanya alipokuwa akifuatwa.

Na maswali yachaguliwe. Kijana anayeulizwa kila siku "umeswali?" kwa sauti ya askari hujifunza kujibu "ndiyo", hajifunzi kuswali. Mwambieni nyumbani kuna nini: mbuzi kazaa, jirani kaoza, imamu ametoa khutba nzuri juu ya jambo fulani, yeye anaonaje? Katika mazungumzo ya namna hiyo swala hutajwa yenyewe, kwa upole, na moyo uko wazi kuipokea.

Fedha na haya ya kusema ukweli

Hapa ndipo tulipoona machozi mengi zaidi. Fedha ya kujikimu ya mkopo, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, hutoka kwa awamu, na siku za mwisho kabla ya awamu mpya huwa ngumu. Mtoto hupiga simu. Mzazi hana, lakini huona haya kusema hana, hasa akikumbuka mwanawe analala na watoto wa wenye nacho. Basi husema "nitatuma kesho", kisha huanza kuhangaika.

Tumeletewa mashauri ya kina mama waliochukua mikopo ya mitaani, ile iliyopewa jina lake la haki kabisa, kausha damu. Alikopa ili atume chuoni, bila ya mume kujua. Mwezi wa pili riba imezidi mtaji, mwezi wa tatu vyombo vinatolewa nje. Ndani ya shida hiyo kuna madhambi ya riba, kuna amana iliyovunjwa baina ya mume na mke, na kuna mtoto ambaye siku akijua atajiona yeye ndiye aliyeivunja nyumba.

Tunawasihi wazazi: mwambieni mtoto ukweli kabla hajaondoka. Kaeni pamoja, baba, mama na mtoto, mwandike kwenye karatasi: mkopo utalipa nini, sisi tunaweza kutuma kiasi gani kwa mwezi, na mwezi gani hatuwezi kutuma kitu, kama kabla ya mavuno au msimu wa pepo mbaya baharini. Familia moja iliyofanya hivyo ilishangaa. Binti aliposikia hesabu ya kweli alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jiko dogo la mafuta lingeruhusiwa katika chumba alichopanga nje ya chuo. Tangu hapo anapika kwa zamu na wenzake wawili. Watoto wetu wanajua kubeba zaidi ya tunavyodhani, ilimradi waambiwe uzito wa mzigo.

Mlango wa habari mbaya

Kuna jambo zito ambalo hatuwezi kulipita. Kijana wa jirani na msikiti wetu alifeli mwaka wa kwanza. Alirudia mitihani, hakufaulu, akaondolewa chuoni. Wenyewe husema amedisko. Hakurudi nyumbani. Kwa miezi kadhaa aliishi mjini akibeba mizigo sokoni, na kila mwisho wa wiki alipiga simu na kuzungumzia masomo ambayo hakuwa akiyasoma. Baba yake aliendelea kumtumia alichokuwa nacho, na katika kila maulidi aliombewa dua afaulu.

Habari ilipofika, baba alitaka kumkana. Wazee wa msikiti walikaa naye siku mbili. Kijana naye alipoulizwa kwa nini hakusema, hakutoa hoja ndefu. Alisema hakujua aanzie wapi, kwa kuwa siku ya kuagana baba alimwambia mbele ya watu: usinirudie hapa bila ya shahada.

Baba alilisema neno lile kwa mapenzi, kama wengi wetu tunavyosema. Lakini mtoto alilibeba kama sharti la kurudi nyumbani. Kwa hiyo tunashauri maneno ya kuagana yabadilike. Mwambieni: soma kwa juhudi zako zote, na likikupata lolote, la masomo, la maradhi, la fedha au la tabia, mtu wa kwanza kulisikia awe mimi, na mlango huu hautafungwa. Mwana akinyea kiganja hakikatwi. Methali hii huwafaa wenye watoto wachanga, lakini maana yake hasa huonekana watoto wakifikia miaka 20.

Kijana yule leo yuko chuo cha ufundi, anasoma umeme. Jumamosi huja kutengeneza taa za msikiti, na baba yake humshikia ngazi.

Mume na mke wabakiapo wawili

Katika mashauri ya ndoa tumeona jambo linalojirudia. Watu waliooana miaka 20 na zaidi, wakalea kwa subira, hufika siku mtoto wa mwisho ameondoka, wakajikuta wameketi mezani hawana la kusema. Kwa miaka mingi mazungumzo yao yote yalikuwa ada, sare, homa na daftari. Si kwamba wanachukiana. Wamekuwa wageni.

Sira ya Mtume (SAW) ina dawa. Imepokewa kwamba alishindana mbio na Bi Aisha (RA). Mara ya kwanza bibi akamshinda, na baadaye, miaka ilipopita, yeye akamshinda bibi, akamwambia kwa utani kwamba ile ilikuwa malipo ya ile. Aliyekuwa na umma mzima mabegani alipata nafasi ya kucheka na mkewe njiani. Hatuwaambii wazee wetu wakimbie ufukweni Raskazone. Tunasema baba arudi nyumbani baada ya Isha. Wale pamoja. Waende kumzuru shangazi aliyesahauliwa Pangani. Waanze kuweka akiba ya Umra, hata kama itachukua miaka. Wasome Qur'ani kwa kupokezana, ukurasa huyu na ukurasa yule. Watoto watakapooa na kuolewa, hawa wawili ndio watakaobaki wakitazamana, na ni afadhali wawe wamezoeana mapema.

Kwa aliyebaki peke yake, mjane au aliyeachwa, wajibu ni wetu sote. Katika msikiti wetu tumeweka utaratibu mwepesi: kila mzazi aliyebaki peke yake hupitiwa mara moja kwa wiki na vijana wawili wa mtaani, kuchota maji, kubeba gunia au kumsomea ujumbe wa simu. Kina mama nao wameanzisha darsa la kusoma Qur'ani baada ya Alasiri. Mama wa miaka 52 ambaye bintiye anasoma ualimu ameanza kusoma alifu kwa kijiti, na husema safari hii wanasoma wote wawili. Madrasa nayo imepoteza wasaidizi waliokwenda vyuoni. Mzazi mwenye saa moja ya jioni asiyejua aipeleke wapi, ailete huko.

Akirudi likizo

Mtoto anayerudi siye hasa aliyeondoka. Atalala hadi saa tatu, atakuwa na maneno mapya, na pengine atakuwa na rai mpya katika dini. Amehudhuria darsa za masheikh wengine. Atauliza juu ya kunuti, juu ya maulidi, juu ya kisomo cha marehemu. Katika mji wa maulidi kama wetu, nyumba nyingine zimewaka moto kwa swali moja lililoulizwa wakati wa chakula.

Mzazi asimpige marufuku kuuliza, na mtoto asimvunjie mzazi heshima kwa jina la elimu. Maimamu wakubwa walikhitilafiana na wakaendelea kuswali nyuma ya wenzao. Mwambieni alete dalili zake kwa adabu, muende naye kwa sheikh wa mtaa, mketi, msikilizane. Mtoto anayebishana na baba yake nyumbani ni mtoto ambaye bado anarudi nyumbani.

Na kama chumba chake kinahitajika kwa mpangaji au kwa mgeni, aambiwe kabla hajafika. Ni jambo dogo, lakini kijana anayefungua mlango akakuta kitanda chake kimechukuliwa huelewa vingine.

Dua mbili katika nyumba moja

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kuna dua tatu ambazo hazina shaka kukubaliwa: ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Mtoto akiwa njiani kwenda chuo, nyumba moja ina mbili kati ya hizo. Msafiri anaomba ndani ya basi, mzazi anaomba juu ya mkeka. Basi mtoto akumbushwe kuwaombea wazazi wake kila anapopanda gari, na mzazi achunge ulimi wake siku ya hasira, maana dua yake ni nzito, kwa heri na kwa shari.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi vijana wetu popote walipo, awafanye wanafunzi wenye manufaa kwa dini yao na kwa nchi yao, na awape subira na ucheshi wazazi waliobaki nyumbani. Awape kheri wajane waliowatoa watoto wao wa pekee kwa ajili ya elimu, na atukutanishe sote katika likizo za dunia na katika makazi ya Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.